Mti Usio na Kazi

Watu wa kwetu wakikutana na kitu chochote kilicho hai, swali lao la kwanza ni moja: kina kazi gani? Paka ana kazi gani kama hakamati panya? Punda aliyezeeka ana kazi gani? Msichana aliyemaliza kidato cha nne, hajaolewa wala hajapata ajira, anashinda nyumbani akimaliza sufuria ya muthokoi wa mamake, huyo naye ana kazi gani? Swali hilo nililisikia mwaka mzima wa 1998. Nililichukia wakati ule na nalichukia mpaka leo. Anayetaka kunicheka na acheke. Nimeshachekwa na kundi zima la wanawake wenye majembe, mchana kweupe, na sikufa.

Kwetu ni kilimani, si mbali na soko la Mitaboni. Mteremko wetu ni mkali hivi kwamba boga likikuponyoka mkononi utalifuata kwa jirani. Shamba la namna hiyo halikai bila matuta. Unachimba mtaro wa kuukata mteremko, na udongo unaotoka unaurusha upande wa juu, wala si wa chini. Ndiyo maana matuta yenyewe yanaitwa fanya juu. Mvua ikinyesha, maji yanakuta kizuizi, yanazama polepole, na udongo wako unabaki kuwa wako. Usipochimba, mbaazi ulizopanda wewe zitaota kwa mwingine.

Kisha ikaja mvua ya El Nino. Kila Mkenya wa umri wangu ana hadithi yake ya mvua ile. Yetu ni kwamba matuta ya mama yalipasuka, maji yakateremka na mbaazi, mawe na tope, yakaingia moja kwa moja jikoni kwa jirani yetu wa chini. Mbuzi wake aliyekuwa amefungwa humo alikufa. Jirani huyo na mama walikuwa marafiki tangu walipoolewa kwenye kilima kile, na hakumlaumu mama hata kwa neno. Lakini tangu siku hiyo, akija kwetu, alikuwa akilitazama shamba kabla ya kututazama sisi.

Baba alikuwa amefariki zamani. Tulikuwa wawili tu, mama na mimi, na watu wawili hawawezi kuchimba kilima. Kwa hiyo tuliitegemea mwethya, yaani ile kazi ya kusaidiana ya wanawake wa kwetu: leo kundi zima linalima kwako, wiki ijayo kwa mwenzako, mpaka zamu izunguke. Mwethya haina mzaha. Ukichelewa unatozwa faini ya sukari au majani ya chai. Ukiivuruga kazi, faini ni kuku, naye huliwa na kundi papo hapo. Ukizidi kuwa mkaidi unatolewa, na mtu aliyetolewa mwethya afadhali ahame, kwa kuwa hakuna atakayemshikia jembe wakati wa mvua wala sufuria wakati wa matanga. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama alikuwa mwenyekiti wa mwethya ya upande wetu, na cheo hicho alikivaa kama wengine wanavyovaa nguo ya Jumapili.

Zamu yetu ilipofika, mvua za kupanda zilikuwa zimekaribia. Wanawake walikuja asubuhi, wengine na watoto mgongoni, wakiimba tangu njiani. Jirani wa chini ndiye aliyekuwa mpimaji. Alikuwa na fito mbili zilizounganishwa kwa kamba, na katikati ya kamba kilining'inia kipimo cha maji chenye povu, kama alivyofundishwa na bwana shamba. Povu likitulia katikati, mnapigilia kijiti. Alienda hivyo, kijiti baada ya kijiti, akilikata shamba kutoka mpaka hadi mpaka, na kijiti kimoja kikaangukia palepale kwenye shina la mti wa maziwa.

Niuelezee mti huo, maana ndio kesi yenyewe. Ni ule mti usio na majani, wenye mikono mingi ya kijani iliyoelekea juu, na ukiukwaruza unatoa utomvu mweupe unaoweza kumpofusha mtu. Sisi nyumbani tuliuita tu mti wa maziwa. Mbuzi hawauli. Kuni zake hazifai, moshi wake unawasha macho. Kivuli hauna. Hata maua yake, nyuki wakiyala, asali yao inaunguza koo, na kwa Mkamba hilo ni kosa kubwa kuliko yote, maana asali ndiyo mahari inayotuoza. Nani aliupanda? Hakuna. Ulijiotea.

Mimi sikuupenda mti ule. Hili nalisema waziwazi kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hudhani nilikuwa nimekaa chini yake nikiwa mdogo, nikaulilia siri zangu, nikachonga jina. Hapana. Uliwahi kuniunguza mkono nikatoka malengelenge. Ila baada ya El Nino nilikuwa naupita kila siku nikienda mtoni, nami nilikuwa mtu asiye na haraka. Maji yalikuwa yamekula udongo wote wa upande mmoja, mizizi ikabaki inaning'inia hewani, mti ukainama kama mlevi. Nikasema huu umekwisha. Kumbe haujakwisha. Wiki baada ya wiki ncha za ile mikono zilianza kujipinda, zikaiacha njia ya kuinama, zikaelekea juu tena, moja moja, kila mkono na wakati wake. Hakuna aliyeumwagilia wala kuuombea. Ulikuwa unataka kuishi. Sina neno lingine la kulieleza jambo lile, na wataalamu wanaoniambia kwamba mti hautaki kitu, kwamba ni mwanga tu na maji, nawauliza: na wewe ukipaliwa unakohoa, huko ni kutaka au ni hewa tu?

Basi jirani wa chini akapigilia kijiti, akasema, "Hii itoke. Leteni panga. Na mfunge leso kwa macho."

Nikajikuta nimesimama mbele ya mti na jembe mkononi.

"Haitoki," nikasema.

Walidhani natania. Mwanamke mmoja akaniambia nitoke kwa jua, litanipanda kichwani. Jirani wa chini akaja karibu, akanitazama vizuri.

"Mwiitu, wewe msichana, hii mti iko na kazi gani?"

Mama alinifikia kwa nyuma, akajifanya ananirekebisha leso kiunoni, na akaninong'oneza haraka haraka sikioni, "Sema ni dawa. Sema nyanya yako alikuwa anatumia kwa kifua."

Hapo mama alinipa mlango, na mlango ulikuwa mpana. Kwetu mti wa dawa haukatwi ovyo. Wangeguna, wangekubali, kazi ingeendelea, na mimi ningeonekana mjukuu mwema anayekumbuka mambo ya nyanyake. Mama hakuwa mwongo. Alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti mzuri hutafuta njia ambayo kila mtu atapita bila kuaibika. Lakini lile neno dawa nililikataa. Nikisema ni dawa, nimekubali kwamba usipokuwa dawa una haki ya kufa. Na kesho watakuja kwa ule usio dawa. Na keshokutwa watakuja kwangu, maana nami sikuwa dawa ya mtu.

"Sio dawa," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Haina kazi. Inaishi tu."

Wakaangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakaketi kwenye majembe. "Asi!" akasema mmoja, "kwani hata magugu si inaishi? Jana sikukuona ukipalilia wewe?" Mwingine akauliza kama nitaanza kuomba ruhusa ya sukuma wiki kabla ya kuzikata. Mimi nikawajibu kwamba naam, jana nilipalilia, na leo jioni nitakula mboga, kwa sababu bila hivyo tutakufa njaa. "Lakini kamba inaweza kusonga," nikasema. "Mti haiwezi."

Jirani wa chini hakuwa anacheka. "Kamba ikipinda hapa," akasema, "maji itakusanyika kwa hiyo kona, ivunje, ikuje kwangu. Mbuzi yangu ilikufa. Au mbuzi haikuwa inaishi?"

Hilo ndilo neno pekee lililonichoma siku ile, na nilijua lina haki. Mtu aliyepoteza mbuzi hahitaji kunicheka ndipo awe na hoja. Nikamwambia sitaki kamba ipinde. Nataka ipande yote, mpaka kwa mpaka, hatua chache juu ya mti, na povu litulie katikati vilevile. Maji yatazuiwa hukohuko juu.

Sasa hapo ndipo kicheko kilipokauka. Kupandisha kamba kulimaanisha vijiti vyote ving'olewe na kupima kuanze upya. Huko juu ardhi ni ya changarawe ngumu, jembe linarudi na cheche. Na shamba la mama lingepungua utepe mzima wa udongo mzuri, ambao ungeachwa chini ya tuta. Wanawake walikuwa na watoto wa kunyonyesha na ng'ombe wa kunywesha. Wakaanza kunung'unika, na mmoja akaitoa ile methali ambayo kila mtu alikuwa anaifikiria: mkataa wengi ni mchawi. Kwetu neno hilo si utani wa kawaida. Wakamgeukia mama. Mwenyekiti aseme.

Naukumbuka uso wake. Alikuwa na kila sababu ya kuninyang'anya jembe. Udongo ulikuwa wake, cheo kilikuwa chake, na heshima yake ilikuwa imemwagwa pale na binti aliyemzaa mwenyewe. Akautazama mti, akanitazama mimi. Akamtazama jirani wa chini muda mrefu zaidi.

"Ikipanda yote, jikoni yako itakuwa sawa?" akamuuliza.

"Itakuwa sawa," jirani akasema shingo upande. "Lakini ni kazi ya bure."

Mama akatema mate viganjani, akashika jembe lake. "Pandisheni kamba. Na faini nitatoa."

Walipandisha. Tulichimba changarawe ile siku nzima na hakuna aliyeimba. Mama alichimba sehemu ngumu kuliko zote.

Halafu ikaja faini. Mama aliniambia, "Kuku utamshika wewe." Nikaenda bandani na nikamchagua kuku wa madoadoa niliyemlea tangu kifaranga, kwa sababu niliona kwamba nikimtoa kuku wa mama nitakuwa nimelipa kwa mkono wa mtu mwingine. Nilipotoka naye, jirani wa chini alikuwa ananingoja na kisu. "Wewe unalilia mti," akasema, "huyu haina roho?"

Nilimshika miguu na mabawa, nikahisi moyo wake unavyopiga kwenye kiganja changu, akakatwa. Walikuwa wakinitazama kuona kama nitakula. Nilikula. Nililia kabla, jikoni, nikasingizia moshi, kisha nikaja nikakaa kati yao na nikakila kipande changu mpaka mfupa, nikiwatazama.

Wapo wanaosema hapo ndipo nilipojivunja mwenyewe: umeokoa mti, umeua kuku, basi nyamaza. Sinyamazi. Sijawahi kusema mtu asile. Anayeishi anakula, na kila kilicho kwenye sahani kilikuwa kinataka kubaki kilipokuwa, maharagwe pamoja na kuku. Nisemalo ni kwamba kuua kunahitaji sababu, na sababu itafutwe na anayeua. Mti wa watu hauhitaji kuleta barua ya kujieleza kwa nini upo. Siku ile sisi sote tulijua tunamuua kuku, tena kwa sababu ipi. Mti ule nusura uuawe na kijiti, kwa kuwa kijiti kilikuwa kimeshapigiliwa na watu walikuwa wamechoka.

Mkutano uliofuata mama alivuliwa uenyekiti. Hawakumtukana. Walisema tu kwamba anayeshindwa kumwongoza binti yake ataongozaje kilima. Alirudi nyumbani, akavua viatu vya kanisani, akavipanga chini ya kitanda. "Umefurahi?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, ila ningerudia. Akanivutia mdomo, akaenda kukamua ng'ombe. Mambo yakaisha hivyo, yaani hayakuisha. Yalikaa tu nyumbani nasi kama mgeni asiyeaga.

Niongeze hapa kwa ajili ya wanaopenda hadithi zenye malipo: mti haukutulipa chochote. Matuta yalishika kwa sababu yalichimbwa vizuri, na jikoni kwa jirani hapajaingia maji tena. Mti haukuhusika. Uliendelea kusimama chini ya tuta, ukaharibu asali ya watu kila ulipochanua.

Mimi nilipata kazi Athi River, kwenye shamba la maua. Kazi yangu ilikuwa kukata waridi kabla halijafunguka, liende ng'ambo likafunguke mezani kwa mtu. Kijana mmoja wa kupakia masanduku, niliyemsimulia kisa changu wakati wa chai, alikuwa akinisalimu kila asubuhi, "Niaje, wakili wa miti? Wateja wako leo ni wangapi?" Nilicheka naye. Lakini nililikata kila waridi nikijua ninachofanya, na hilo halikunipunguzia kasi wala mshahara. Nililitaja kwa msimamizi siku moja, akaniuliza kama nimekula vizuri.

Mwaka wa 2006 nililazimika kuiacha kazi hiyo. Mama alipigwa na kiharusi. Kilimwachia akili na ulimi, ulimi mzito kidogo, lakini mkono wa kulia na mguu wa kulia vikakataa. Yule mwanamke aliyeshinda changarawe ilibidi sasa ashikwe akienda chooni.

Wanawake wa mwethya walikuja kumwona, na sukari na maziwa, kama inavyotakiwa. Jirani wa chini ndiye aliyekuja mara nyingi kuliko wote. Siku moja alimletea nyuzi za mkonge na kiondo kilichoanzwa kitako tu. Kwa wasiojua: mwanamke wa kwetu hakai mikono mitupu. Akitembea anasokota mkonge, akipiga domo anasokota, hata kwenye kikao cha matanga utamwona anasokota kwenye paja. Kumpa mkonge ilikuwa njia ya kumwambia bado uko nasi. Mama akaweka nyuzi pajani, akajaribu kwa mkono wa kushoto. Zikafumuka. Akajaribu tena, kiondo kikaviringika kikaanguka uani, kuku wakakikimbia.

Hakuna aliyekiokota mara moja. Tulikuwa tumemkalisha nje, na kutoka pale alipoketi shamba lote lilikuwa linaonekana, matuta na mti.

"Sasa mimi na huo mti yako tuko sawa," mama akaniambia. "Hata kuni hatufai."

"Usiseme hivyo!" jirani akaruka. "Wewe bado uko na kazi kubwa. Unatuombea. Unatupatia mawaidha. Bila wewe hii kilima..."

Alisema kwa upendo, na machozi yalikuwa yamemjaa. Lakini mimi nilimwona mama akiinamisha kichwa, na nikajua anachosikia. Alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe sikioni mwangu: sema ni dawa. Tena alijua, na mimi nilijua, kwamba siku maombi yakimshinda na mawaidha yakapotea kichwani, hiyo kazi nayo wataitafuta waikose.

Nikaokota kiondo, nikakipangusa, nikakiweka mbali.

"Ni kweli, mwaitu," nikamwambia mama. "Wewe na mti hamna kazi. Na mtakaa."

Jirani alinitazama kana kwamba nimemzaba mama kofi. Mama naye, nusu ya uso wake iliyokuwa bado inamtii ikaanza kucheka. Alicheka mpaka mate yakamtoka, nikamfuta. Nilikuwa nalia na sikusingizia moshi.

Nikasimama niende bandani, maana mgeni haondoki kwetu bila kula. Nilikuwa nimeshafika mlangoni mama aliponiita.

"Yule mweusi wa kilema usichinje."

"Yule hatagi tangu Pasaka, mwaitu."

"Najua hatagi," akasema. "Mwache."